UZI: Modemu ya 56k na waya wa gigabiti, tunalinganisha nini hasa hapa Visiwani?

MLETA UZI (Unguja)

Assalaam alaykum wadau.

Wiki hii kwenye magrupu ya WhatsApp kumezuka ubishi. Mmoja kaandika kwamba mtandao wa waya wa leo una kasi mara elfu kumi na saba kuliko ile intaneti ya kupiga kwa laini ya simu. Mwengine akamjibu kwamba yeye yuko Fuoni na hiyo kasi hajaiona hata chembe. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Mimi kazi yangu ni kuvuta nyaya za mtandao hapa Unguja, majumbani, maofisini na kwenye nyumba za wageni, na huu mkanganyiko nakutana nao kila siku. Naomba tuuzungumze kwa kirefu.

Hesabu kwanza, maana hesabu yenyewe haina kasoro. Modemu ya simu iliyofika juu kabisa ilikuwa ya kilobiti 56 kwa sekunde, kiwango cha V.90 kilichopitishwa 1998. Waya wa kawaida wa mtandao leo, ule wa plagi ya RJ45, unabeba gigabiti 1, yaani biti bilioni moja kwa sekunde. Gawa, unapata 17,857.

Tuone inavyokuwa mkononi. Kumbuka kasi inahesabiwa kwa biti, na ukubwa wa faili unahesabiwa kwa baiti, na kila baiti ni biti 8. Hapa ndipo wengi wanapopigwa: mtu akiuziwa "mega 20" anadhani atashusha megabaiti 20 kila sekunde, kumbe ni mbili na nusu. Wimbo wa megabaiti 4 kwa modemu ya 56k ulikuwa ukichukua dakika tisa na nusu, na hiyo ni laini ikiwa safi kabisa. Filamu ya kujaa CD moja, megabaiti 700, ni masaa 27 na dakika 46. Filamu hiyo hiyo kwa waya wa megabiti 100 ni sekunde 56, kwa gigabiti ni chini ya sekunde 6. Sasisho la simu la gigabaiti 4 ambalo leo unaliacha lijishushe usiku, kwa modemu lingekula siku sita na nusu bila laini kukatika.

Sasa ndio suala langu. Modemu ilikuwa inakutoa nje ya nyumba mpaka kwa kampuni ya intaneti. Waya wa gigabiti unaitoa data kwenye kompyuta hadi swichi, kile kiboksi kinachounganisha nyaya zote za ndani, iliyo chumba cha pili. Hizo ni safari mbili. Ukizilinganisha moja kwa moja utadhani dunia nzima imeongezeka kasi mara elfu kumi na saba, halafu unafungua simu yako Fuoni unaona duara linazunguka, unahisi umedanganywa.

Tena tofauti hii si ya leo. Waya wa mtandao, Ethernet, ulibuniwa 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs kwenye maabara ya Xerox kule California. Ule wa mwanzo kabisa ulikuwa unakwenda megabiti 2.94. Modemu ya kawaida ya simu wakati huo ilikuwa biti 300 kwa sekunde. Gawa tena: 9,800. Kwa hiyo tangu 1973, kabla wengi wetu humu hatujazaliwa, waya wa ndani ulikuwa umeshaiacha njia ya nje kwa karibu mara elfu kumi. Na intaneti kafe zetu za miaka ya 2000, pale Mji Mkongwe na Darajani, zilikuwa hivyo hivyo: ndani kompyuta zimeungwa kwa waya wa megabiti 10 au 100, nje wote wanagombania njia moja nyembamba.

Nnachotaka kusema ni hiki: waya wa ndani siku zote umetangulia, uko madukani, tunaumudu, na hapa Visiwani tunauacha bila kuutumia huku tukilalamikia njia ya nje peke yake. Karibuni.


MDAU WA WETE

Waalaykum salaam sheikh. Uzi mzuri huu. Mimi modemu nimeitumia ofisini hapa Wete, ile kelele yake ya kuungana mpaka leo naisikia masikioni. Ukiwa umeunga, hakuna anaeweza kupiga simu ofisini, na mtu akinyanyua mkono wa simu chumba cha pili umeshakatika, anza upya. Lakini nna suali: kwa nini 56? Kwa nini si 60 wala 100? Na sisi hata hiyo 56 hatukuiona, kompyuta ilikuwa inatuandikia 40 na kitu, siku nyengine 28.


MLETA UZI

Suali zuri sana hilo, na jawabu lake linaonesha kwa nini ile njia ilikuwa imefika ukingoni.

Laini ya simu ilitengenezwa kwa sauti ya mtu kuzungumza. Inapitisha mawimbi baina ya 300 na 3,400 kwa sekunde, basi, kilichozidi hapo kinakatwa. Modemu ilikuwa inageuza data kuwa sauti ili ipite humo, na ndio ile kelele: modemu mbili zinapimana, zinauliziana laini ina hali gani na zikubaliane kasi gani. Mwanahisabati Claude Shannon alishaonesha 1948 kwamba njia yoyote yenye upana fulani na kelele fulani ina kikomo cha data ambacho hakuna ufundi utakaokipita. Kwa laini ya simu, ukiitazama kama njia ya sauti tupu, kikomo hicho ni kama kilobiti 35. Ndio maana modemu za V.34, kiwango kilichotangulia V.90, ziliishia 33.6.

56 ilipatikana kwa ujanja. Mitambo ya simu ilikuwa imeshageuka ya kidijitali. Sauti yako ikifika kwenye mtambo inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, jumla kilobiti 64. Kampuni ya intaneti ikiungwa kwa dijitali moja kwa moja na mtambo, basi data inayokuja kwako inageuzwa kuwa sauti mara moja tu, pale kwenye kipande cha waya wa shaba kutoka mtamboni hadi nyumbani. Ugeuzaji mmoja, kelele kidogo, kasi juu. Katika zile 64 baadhi ya biti zinapotea njiani, zikabaki 56 za kutumika. Na ni kwa kushusha tu. Kupandisha V.90 iliishia 33.6 ile ile.

Kwa nini Wete mlipata 28? Kwa sababu ile hila ya 56 inataka kipande cha shaba kiwe kifupi na safi. Waya ukiwa mrefu, viungio vimeingia kutu kwa chumvi ya bahari, masika maji yameingia kwenye boksi la mtaani, modemu zikipimana zinaona haifai, zinashuka mpaka pale zinapoelewana. Modemu yako ilikuwa inakwambia ukweli wa hali ya waya.

Na hapo ndipo mwisho wake. Hata ungeleta modemu ya kisasa kiasi gani, mtambo haukupi zaidi ya 64. Ilibidi njia yenyewe ibadilishwe.


DADA WA MBWENI

Kwa kuongezea, tusisahau kwamba hata hiyo kampuni ya intaneti yenyewe ilikuwa inapata data kutoka wapi? Satelaiti. Pwani yetu hii haikuwa na mkonga wa faiba baharini mpaka SEACOM ilipofunguliwa Julai 2009 ikatua Dar es Salaam, halafu EASSy 2010. Kabla ya hapo kila herufi inapanda juu kilomita 35,786 na kushuka. Kwenda na kurudi ni karibu nusu sekunde hata kama hakuna foleni yoyote. Kwa hiyo mtu anaelinganisha kasi aangalie na ucheleweshaji pia, si upana peke yake.

Na la ajabu ni kwamba Zanzibar ilikuwa na waya wa baharini zamani sana. Mkonga wa telegrafu kutoka Aden ulifika hapa 1879 ukaendelea Msumbiji mpaka Durban. Jengo la ile kampuni ya telegrafu bado lipo pale Shangani, leo ni hoteli. Yaani kisiwa kilitangulia, kikaja kukaa miongo na miongo kikisubiri faiba.


MLETA UZI

Ahsante sana dada, umegusa penyewe. Ucheleweshaji ndio kitu ambacho mtu anakihisi kwenye vidole bila kujua jina lake. Modemu peke yake ilikuwa inakula milisekunde mia na zaidi kwa kugeuza tu data kuwa sauti na kuirejesha. Kwenye waya wa ndani, kompyuta kwa kompyuta, huwa ni chini ya milisekunde moja. Ukiandika kwenye faili lililoko kwenye seva ya ofisi, yaani ile kompyuta inayoweka mafaili ya wote, unahisi liko mezani kwako.

Na mikonga ya baharini haikutuondolea wasiwasi wote. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili kusini huko, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Siku ile nilikuwa na kazi kwenye ofisi moja hapa mjini. Nje hakuna kitu, barua pepe hazifunguki. Lakini mafaili yao yalikuwa kwenye seva ya ndani, printa iko kwenye swichi, mahesabu yao yanakwenda. Ofisi ya jirani yao, kila kitu kimewekwa nje, walifunga mapema wakaenda zao.


FUNDI WA MWANAKWEREKWE

Mie nakubaliana na mengi, lakini kaka hapa nakupinga. Waya wa nini leo? Wai-Fai ya kisasa inakwenda mamia ya megabiti, mteja anaweka ruta moja sebuleni kamaliza. Nani anataka kutobolewa ukuta? Wateja wenyewe hawataki nyaya.


MLETA UZI

Kaka, kwenye nyumba ya matofali ya Mwanakwerekwe, vyumba vitatu, mimi mwenyewe ntamwekea mteja Wai-Fai na nitamwambia inatosha. Njoo Mji Mkongwe sasa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nyengine nusu mita na zaidi, na ndani zimebana unyevunyevu. Vyumba vyembamba virefu kwa sababu dari ni ya boriti za mikoko na boriti haziendi zaidi ya hapo. Ukitoka chumba kimoja kwenda chengine umevuka ukuta mzito, mawimbi yameshanywewa. Ruta iko ghorofa ya chini, mgeni yuko ghorofa ya tatu karibu na paa, simu inamuonesha alama moja. Anaandika kwenye mtandao wa hoteli kwamba intaneti ya Zanzibar mbovu, na mwenye nyumba anaipigia kampuni kulalamika. Kampuni haina kosa hapo. Data imefika mlangoni salama, imekufa ndani ya ukuta.

Nikuhadithie kazi moja, maana ina somo la waya wenyewe. Nyumba ya wageni, mwenye nyumba kakubali waya uvutwe kila ghorofa na kila ghorofa iwe na kituo chake cha Wai-Fai. Waya ulishavutwa na fundi aliyenitangulia, Cat6 nzuri (daraja la waya linalobeba gigabiti), imepita kando ya bomba la maji ili asitoboe ukuta wa zamani. Swichi ya gigabiti. Napima: ghorofa ya kwanza megabiti 940, ya pili 940, ya tatu 94.

Fundi mwenzangu ukiona 94 unajua mara moja. Kasi ya megabiti 100 inatumia jozi mbili tu za waya, nyaya nne katika zile nane. Gigabiti inataka jozi zote nne. Waya mmoja tu wa zile jozi mbili za ziada ukikosa kugusa, vifaa vingi vinashuka kimya kimya mpaka 100, na mtumiaji haambiwi kitu. (Na kwa nini 94 na si 100 kamili, kwa sababu kila pakiti, yaani kifurushi cha data, inabeba anuani na maelezo yake mwenyewe, hayo hayahesabiwi kama data yako.) Nikakata kichwa cha juu, yaani ile plagi, nikakitazama kwenye mwanga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mpangilio sahihi. Lakini ule wa kahawia wa mwisho ulikuwa haujafika mbele, umeishia milimita mbili kabla ya meno, koleo likabana plastiki tupu. Nikakata upya, nikazisukuma zote nane mpaka zikagonga ukuta wa mbele wa plagi, nikabana. 940.

Milimita mbili, kaka. Ghorofa nzima ilikuwa inaishi kwa sehemu moja ya kumi ya haki yake, na lawama zote zinakwenda kwa watu wa intaneti.

Na hiyo Wai-Fai unayoitetea, kituo chake kinalishwa na nini? Na waya. Ukiwa na kituo cha mamia ya megabiti kwenye waya ulioshuka 100, umepoteza pesa ya kituo.


FUNDI WA MWANAKWEREKWE

Kwa Mji Mkongwe umenishinda, sina la kusema. Ongeza na hili: kuna nyaya zinauzwa kwa bei ya chini, ndani si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukikwaruza kwa kisu unaona nyeupe. Zinakatika kichwani, na ukipitisha umeme wa kamera humo zinapata moto. Wadau msinunue.


MLETA UZI

Allah akujaze kheri, hilo lazima lisemwe. Kwa hewa yetu hii ya chumvi alumini haikai.


MWALIMU WA SKULI, MKOANI

Assalaam alaykum. Nimesoma uzi wote. Mimi nasomesha skuli hapa Pemba, tuna chumba cha kompyuta, ruta moja inayotumia bando la simu. Bando likiisha, kompyuta zimelala, wanafunzi wanajifunza kuandika tu. Sasa hii gigabiti ya ndani mnayoisifu inanisaidia nini mimi? Nnachokosa ni cha nje.


MLETA UZI

Waalaykum salaam mwalimu. Suali lako ndilo lililonifanya niandike uzi huu, basi nivumilie nijibu kwa urefu.

Tuchukue darasa la wanafunzi 30. Kila mmoja anataka kutazama video ya somo ya ubora wa kawaida, tuseme megabiti 2 kwa sekunde. Jumla ni megabiti 60 kwa wakati mmoja. Ruta ya bando ikikupa megabiti 10, wanafunzi watano wanatazama, 25 wanaangalia duara. Na bando lenyewe: megabiti 60 kwa dakika 40 za kipindi ni gigabaiti 18. Somo moja. Hakuna skuli itakayoweza.

Sasa iweke ile video kwenye kompyuta moja pembeni ya darasa, iwe seva, iunge kwenye swichi ya gigabiti kwa waya. Megabiti 60 kwenye njia ya 1,000 hazihisiki. Wote 30 wanatazama, kila mmoja anasimamisha na kurudisha anapotaka, na bando halijaguswa. Kipindi cha pili vile vile. Mwaka mzima vile vile.

Vitu vya kuweka vipo na ni vya bure. Programu ya Kiwix imetengenezwa kwa kazi hii hii, inaiweka Wikipedia nzima kwenye diski na kuigawa darasani bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ni ndogo, flashi ya kawaida inaibeba. Ya Kiingereza na picha zake ni kama gigabaiti 100. Kuna Kolibri nayo, ya masomo na mazoezi, imetengenezwa kwa skuli zisizo na intaneti.

Chukua hiyo gigabaiti 100 turudi kwenye mada. Kwa modemu ya 56k kuishusha ni siku 165, zaidi ya miezi mitano. Kwa ruta yako ya megabiti 10 ni masaa 22, na bando halikubali. Kwa waya wa gigabiti kutoka kompyuta moja hadi nyengine ni dakika 13 na sekunde chache, mradi diski iweze kwenda nao. Mtu mmoja anaishusha mara moja mahali penye faiba, anaiweka kwenye diski, anapanda boti kuja Mkoani. Skuli zote za Pemba zinaweza kunakili kutoka kwenye diski hiyo moja.

Ndio maana nakasirika nikiona chumba cha kompyuta kimefunguliwa, kompyuta 20 zote kwenye Wai-Fai ya ruta moja ya bando, hakuna swichi, hakuna seva. Walioweka wamefikiria njia ya nje tu. Kile ambacho kingewafaa watoto kila siku, bila bando, hakikuwekwa.


MDAU WA WETE

Lakini sheikh, hiyo itakuwa maktaba, si intaneti. Mtoto atataka kutuma barua pepe, kuomba chuo, kuangalia matokeo yake.


MLETA UZI

Kweli, na hayo ni mepesi. Barua pepe na fomu ya chuo ni kilobaiti chache, zile megabiti 10 zinatosha skuli nzima kama hazijajazwa na video. Ukiyaondoa mazito yakakaa ndani, njia ya nje inapumua. Si kwamba uchague moja.


MWALIMU WA SKULI, MKOANI

Nimekufahamu sasa, na nimefurahi. Nina maabara ya kompyuta jengo moja, na maktaba jengo la pili, baina yake kuna uwanja. Nikitaka maktaba nayo ipate hiyo seva, nivute waya tu juu kwa juu?


MLETA UZI

Hapana mwalimu, hapo usiguse waya wa shaba. Sababu mbili.

Ya kwanza ni masafa. Waya wa shaba wa mtandao una mwisho wa mita 100 kutoka swichi hadi kifaa, pamoja na vipande vya ukutani na mezani. Ukizidisha unaweza kuona taa inawaka, lakini pakiti zinapotea.

Ya pili, na ndiyo kubwa, ni radi. Shaba baina ya majengo mawili ikipigwa na radi jirani tu, si lazima juu yake, umeme unaingia kwenye swichi zote mbili na kompyuta zilizounganishwa. Masika yetu unayajua. Na ardhi ya umeme ya jengo hili na lile si sawa, hata siku ya jua kunaweza kupita umeme kwenye waya.

Baina ya majengo weka faiba, ya kuzika ndani ya bomba. Ni kioo, haipitishi umeme. Swichi mbili zenye tundu la faiba, au vigeuzi viwili vidogo kila upande, basi. Ndani ya kila jengo ndio shaba, Cat5e inatosha kwa gigabiti, Cat6 ukiweza.

Kwa kuanzia, usinunue kitu bado. Pima uwanja kwa futi ya utepe, ongeza kupanda na kushuka ukutani. Hesabu kompyuta. Angalia nyuma ya kila moja tundu la mtandao lipo na halijaingia kutu, zile zilizokaa kwa miaka bila kutumika huwa na ukungu wa kijani kwenye meno. Na kama ipo swichi kabatini, nipigie picha kibandiko chake nyuma, nikwambie ni ya 100 au ya gigabiti. Ikiwa ya 100 usiitupe, kwa video za darasa moja inatosha.

Ukishavuta, usiridhike na taa kuwaka. Weka programu ya kupima kasi, iperf3, kwenye kompyuta mbili, moja isikilize, moja itume. Ukiona 940 hivi, sawa. Ukiona 94, kata kichwa, tazama nyaya nane, bana upya. Picha za vichwa ziweke hapa hapa kabla hujavibana, sote tuvitazame.